Mkeka Usioandikwa Bei

Kila mwaka, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanapochemsha magome ya mkandaa nyuma ya darasa ili kupata rangi ya kutilia ukindu, harufu yake hunifuata mpaka mezani kwangu. Ni harufu kali, kama majani ya chai yaliyoungulia sufuriani, na ndani yake mna tope la mikoko. Watoto huziba pua na kucheka. Mimi hukaza meno. Nafundisha biashara hapa Kibiti, mtu mzima mwenye watoto, na bado nina hasira. Nivumilieni niwaeleze ilikotoka.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka kisiwani kwetu, huko delta, mto unapoingia baharini. Kwa asiyejua kazi hiyo, ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, kisha husukwa utepe mrefu uitwao ukili. Ukili wa mkeka mmoja ukiunyoosha chini unaizunguka nyumba. Baada ya hapo ndipo hushonwa, pindo kwa pindo. Mama alisuka akingoja wali uive, alisuka msibani, alisuka hata ndani ya boti. Watu wa visiwa vya mbali walimwagiza mikeka ya harusi, na hakuna bi harusi aliyewahi kuingia chumbani akakuta mkeka wa Mama haujafika.

Mimi nilikaa kwa shangazi Kibiti ili nisome. Mwalimu wetu wa biashara alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni. Alifundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku moja aliuliza nani kwao kuna biashara. Watoto wa wenye maduka wakanyoosha mikono. Aliponigeukia nikasema Mama hana biashara, anasuka tu. Akanipa chaki, akaniambia niandike ubaoni kila hatua ya mkeka mmoja na siku zake. Niliandika mpaka ubao ukajaa. Ndipo akatuonyesha jinsi ya kupanga bei: vifaa, siku za kazi, nauli, kisha faida. Nilirudi kwa shangazi siku hiyo nikitembea kama niliyevikwa taji. Kumbe Mama alikuwa na kazi.

Muhula ule shule iliandaa maonyesho ya biashara za wanafunzi. Nilimwomba Mama mkeka wa kuonyesha. Alikuwa nao mmoja tu, mwekundu na mweusi, ulioagizwa kwa binti wa jirani yetu aliyekuwa anaolewa Jumapili. Alikataa. Nikambembeleza kwenye simu ya shangazi mpaka akalegea. Akautuma kwa boti hadi Nyamisati, na kutoka huko ukaja kwa bodaboda, umefungwa kwa khanga kuukuu. Maneno yake yalikuwa haya: "Nakuazima, mwanangu. Una mwenyewe huo."

Asubuhi ya maonyesho niliutandika mezani na kuubandika karatasi ya bei, bei yangu niliyoipiga hesabu mwenyewe. Mvulana wa meza ya pili, aliyekuwa akiuza sabuni za maji, akaniuliza kama watu wa visiwani tumehamisha jamvi la msiba. Nikamjibu kwamba sabuni yake haitoi povu, mkojo wa mbuzi una nafuu. Tulikuwa na furaha sana.

Mwalimu akapita akikagua. Alipofika kwangu aliusifu mkeka, kisha akasema kwa upole, "Mwanahawa, toa hiyo karatasi. Cha mgeni rasmi hakiandikwi bei."

Sikujua maana yake. Nilidhani ni heshima, kwamba kitu kizuri zaidi hakiwekwi pamoja na vya kuuzwa. Nikaibandua kwa mkono wangu.

Mgeni rasmi akafika saa sita, na msafara wake, na mpiga picha. Alipita meza kwa meza mpaka kwangu. Akainama, akaupapasa mkeka kwa kiganja, akaniangalia usoni. "Unauzaje, binti?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya shangazi wiki nzima. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaanza kuukunja. "Hauuzwi, mheshimiwa. Ni zawadi yako kutoka kwa wanafunzi."

Nikamnong'oneza kwamba mkeka ule una mwenyewe. Hakugeuka. Alisema tu, midomo ikiwa bado inacheka, "Tabasamu, tunapigwa picha."

Nikatabasamu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Jumapili ile binti wa jirani alitandikiwa mkeka wa plastiki, ule wenye picha za maua. Mama alikwenda kwao mwenyewe kuomba radhi, akaambiwa yameshapita, lakini nyumba ile haikumwagiza tena kitu, na maneno yakavuka mto hadi visiwa vingine. Niliporudi likizo alinipokea kama kawaida, akanipakulia samaki, akaniacha nile. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ulimwambia bei?"

Nikainamia sahani yangu. Akachukua ukili wake, akaendelea kusuka.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule mgeni. Nilipokua nikaona haki yake: yeye aliuliza. Nikahamishia hasira kwa Mwalimu, na huko imebaki, wala sina mpango wa kuiondoa. Alinipa chaki nihesabu jasho la Mama, kisha akanifundisha kulitoa bure huku nacheka, mbele ya shule nzima. Somo la pili ndilo sote tulilolishika. Mpaka leo naona watu wazima, wenye mikono ya dhahabu, wakibandua karatasi zao mara tu mkubwa anapotokea.

Kwa hiyo darasani kwangu, kabla ya mtaji, kabla ya soko, kila mtoto husimama na kunitajia bei ya kitu chake bila kuangalia chini. Anayeshindwa simcheki. Namwambia akae, anywe maji, ajaribu tena.

Lile swali la Mama lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilidhani ananilaumu. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa ndipo nikaelewa kwamba kati ya watu wazima wote waliohusika na mkeka ule, yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba mtoto wake angeweza kufungua kinywa mbele ya mkubwa na kujibu alichoulizwa.