Hotuba Iliyoteremka Yenyewe

Mtaa ulimwita Puliza, na mtaa haukukosea. Redio ikikohoa, alipuliza. Swichi ikitoa cheche, alipuliza. Mlango wa jirani ulipogoma, alikuja na kopo lilelile, akapuliza bawaba, mlango ukafunguka, naye akaondoka akitikisa kichwa kama daktari bingwa aliyeitwa kutibu mafua.

Kopo lenyewe lilikuwa la kulegezea nati zilizoshikwa na kutu. Volyumu ya redio ikipulizwa nalo ilinyamaza kukwaruza papo hapo, ikakaa miezi kadhaa, kisha ikaanza upya kwa hasira zaidi, maana mafuta yale yalinasa vumbi kama asali inavyonasa sisimizi. Puliza aliita hali hiyo uchakavu. Wateja walirudi, na kwa kuwa walirudi, aliamini wanampenda.

Karakana yake ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili, ng'ambo ya pazia, ilikuwa ya mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa kupiga pindo hadi mtu aliyevaa. Mara nyingi alimwambia mumewe kwamba cherehani ina mafuta yake, na yeye hajawahi kuitia ya kupikia eti kwa sababu nayo ni mafuta. Puliza alimjibu kwamba nguo na umeme ni vitu viwili. Kisha alipuliza.

Mtu mmoja tu duniani alimtia baridi, naye ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Alikuwa amestaafu ofisini lakini hakuwa amestaafu kusema. Kila penye wawili na kiti cha ziada alisimama, akakohoa na kuanza: "Kwa ufupi tu, ndugu zangu." Ukoo mzima ulimwita Kwa Ufupi, ila si mbele yake. Kuna mtoto aliyewahi kulala mwanzoni mwa hotuba, akaamka, akala, akalala tena, na alipoamka mara ya pili mjomba alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye shukrani. Huyo ndiye aliyekataa posa ya Puliza zamani zile, akisema dada yake hawezi kulishwa kwa pumzi ya makopo. Ndoa ilifungwa, watoto wakakua, lakini neno lile halikumtoka Puliza moyoni.

Sasa binti wa Kwa Ufupi alikuwa anaolewa, na sherehe ingefanyika katika ukumbi ulio nyuma ya stendi. Meneja wa ukumbi alimwita Puliza aangalie mikisa, ule ubao wa kuongozea sauti wenye safu ya vijiti: ukitelezesha kimoja juu sauti inapanda, ukikivuta chini inashuka. Kila kijiti kilipoguswa, spika zilitoa mkwaruzo kama mtu anayeburura bati kwenye changarawe.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Puliza aliogopa kopo lake. Aliwaza shemeji akikwaruzwa mbele ya wakwe, usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi akapiga moyo konde akaenda duka la spea kuuliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoota ndevu.

Muuzaji, dada mmoja mpole, alimwekea makopo mawili mezani.

"Unasafisha kitu kinachokaa au kinachotembea, baba?"

"Nasafisha mikisa," Puliza alisema, kana kwamba hilo ni jibu.

Dada akamweleza kwa utaratibu. Kopo la kwanza linaosha kila kitu na kukauka bila kuacha alama. Hilo ni zuri kwa plagi na soketi, vitu vilivyotulia. La pili linaosha na kuacha mafuta membamba sana, kwa ajili ya vitu vinavyosuguana kutwa, kama volyumu na vijiti vya mikisa. Puliza alisikia neno mafuta, na dhambi zake zote za zamani zikasimama mbele yake kwa mstari. Miaka yote hiyo kilichomwaibisha ni nini kama si mafuta?

"Nipe linalokauka."

"Hilo ni kali, baba. Linaosha mpaka grisi ya kiwandani."

"Hilohilo. Uchafu ni uchafu."

Basi mtu aliyekosea maisha yake yote kwa uzembe alikosea safari hii kwa umakini. Alifungua ubao, akapuliza kijiti kimoja baada ya kingine, akavipandisha na kuvishusha vyote, akasubiri vikauke, akapuliza tena kwa ajili ya heshima ya ukoo. Alipowasha, spika zilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Mkewe, aliyekuja kutundika mapambo aliyoyashona, aligusa kijiti kwa ncha ya kidole, kikakimbia mpaka mwisho wa njia yake.

"Mbona hiki kinakimbia hivi?"

"Ndiyo usafi huo," Puliza akamwambia. "Umezoea uchafu tu."

Mkewe akageukia mapambo yake.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Puliza alikaa nyuma ya mikisa amevaa koti. Ubao ulikuwa umeinamishwa kumwelekea yeye, kama dawati la mwanafunzi, juu ya meza nyembamba iliyobanwa na spika kubwa. Mambo yalikwenda sawa mpaka Kwa Ufupi aliposhika maikrofoni. Sauti yake ilitoka safi, nzito, bila mkwaruzo hata mmoja, na Puliza akajiona amelipa deni la miaka.

"Kwa ufupi tu, ndugu zangu," shemeji alianza, akaingia kwenye historia ya babu yake.

Sasa Kwa Ufupi alikuwa na tabia ya kupiga kimeza kilichokuwa mbele yake kila alipotaka neno liwaingie watu. Akapiga. Kishindo kikapita kwenye maikrofoni, kikatokea kwenye spika kubwa, meza ya Puliza ikatetemeka, na kijiti cha maikrofoni ile, kisicho na grisi ya kukishika, kikateremka kidogo. Sauti ikapungua. Kwa Ufupi akahisi watu hawajaelewa, akapiga kwa nguvu zaidi. Kijiti kikateremka tena. Kadiri alivyosisitiza, ndivyo alivyopotea.

Puliza alitokwa na jasho. Alikipandisha kijiti, kikashuka. Akakishikilia kwa kidole, na palepale akaelewa yule dada alimaanisha nini aliposema kitu kinachotembea. Alijiona akitajwa katika vikao vya ukoo mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Ndipo alipoinua macho. Kidole chake kilikuwa kimerudisha sauti, na nyuso zilikuwa zimekunjamana. Aliwaona mama wakwe wakiangalia sahani tupu. Alimwona bi harusi mwenyewe, binti wa msemaji, akisinzia ndani ya shela. Akamtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa anamtazama moja kwa moja, na akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama mtu anayekataa chumvi.

Puliza akaondoa kidole.

Sauti ilishuka kwa adabu, pigo kwa pigo, mpaka ikabaki midomo ya Kwa Ufupi ikitembea katika utulivu mtamu. Yeye mwenyewe, akiisikia sauti yake ndani ya kichwa, hakugundua. Watu wakaanza kupiga makofi. Makofi yakawa vigelegele. Kwa Ufupi, ambaye hakuwahi kupigiwa vigelegele tangu azaliwe, akasimama akiduwaa, akainama kwa shukrani, akaketi kabla hajafika kwa baba yake.

Baadaye alimfuata Puliza, akamshika bega, machozi yakimlengalenga. "Shemeji," alisema, "leo wamenisikiliza. Nilikukosea sana zamani zile." Puliza akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake alikwenda kwa meneja na kopo sahihi mkononi, aombe kurekebisha makosa yake. Meneja alimzuia mlangoni, akamwambia asithubutu kugusa kitu. Habari zikasambaa. Kumbi mbili zilimtumia mikisa zao, nzima kabisa, zikiomba zifanyiwe kama ile. Alizirudisha. Aliona uchungu usioelezeka: ujuzi alioupata kwa aibu haukutakiwa na mtu, na kosa lake ndilo lililompa jina.

Mwezi uliofuata Kwa Ufupi, aliyetiwa moyo na yale makofi, alinunua spika yake mwenyewe ya kubeba begani, ya mtumba, yenye volyumu ya kuzungusha. Ilikuwa inakwaruza. Akaileta karakanani kwa shemeji yake kipenzi. Mkewe Puliza alifunua pazia, akamkazia mumewe macho, na safari hii hakuhitaji hata kutikisa kichwa.

Puliza aliyaelewa macho yale vizuri. Lakini alikuwa amemezwa na heshima ya kazi, na pengine na neno moja la msamaha. Alichukua lile kopo lenye mafuta membamba, akapuliza kidogo tu, akazungusha volyumu taratibu kwenda na kurudi, akapangusa, akasubiri. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Volyumu ya kuzungusha haiteremki, na ile haijakwaruza mpaka leo.

Ukoo umekwisha kusikia habari za babu, za baba, na za safari ya kwanza ya kikazi. Mkewe alimnunia Puliza juma zima.