Mkono Mbele ya Taa

Sanggau aliota ndoto ile wiki ambayo taa yake ya zamani ilianza kuzimika ovyo. Aliota amesimama mdomoni mwa pango, na mle ndani kumejaa mwanga mweupe, mwingi ajabu, unaotoka mahali asipopaona. Dari lote linaonekana, mpaka zile pembe za mbali ambazo yeye, mpandaji wa miaka yote hiyo, hajawahi kuzitia machoni. Katikati ya mwanga amesimama marehemu baba yake, kifua wazi, chale zake nyeusi mabegani, ameinua mkono mmoja mbele ya mwanga, kiganja kimetanda na vidole vimebanana. Alimtazama tu mwanawe, kwa upole ambao hakuwa nao sana alipokuwa hai. Sanggau aliamka moyo ukiwa mwepesi, akakaa kitandani akisikiliza majogoo chini ya sakafu ya nyumba yao ya nguzo, huku akitabasamu peke yake.

Kwetu ndoto haipotezwi bure. Na ndoto njema haisimuliwi kabla ya kutendewa kazi, maana ikishapita mdomoni nguvu yake inamwagika. Kwa hiyo Sanggau hakumwambia mtu, hata mkewe Senia aliyelala ubavuni pake na kumsikia akicheka usingizini. Angemwambia, mambo yangeishia palepale jikoni, kijiko cha uji kikiwa bado mkononi. Lakini Sanggau alikuwa mtu wa kushika mila, tena mbishi, na mtu akiwa hivyo viwili kwa pamoja humwambii kitu.

Maana ya ndoto aliiona wazi kabisa. Baba alikuwa akimwonyesha mwanga. Chukua huu, mwanangu. Ndivyo alivyoelewa.

Na mwanga alikuwa anauhitaji kweli. Sanggau alikuwa mvuna viota vya ndege, vile vinavyouzwa ghali kwa wapika supu. Ndani ya pango kubwa la Niah, pale dari linapopotelea gizani, kuna mlingoti wa mti mgumu wa belian, uliounganishwa vipande kwa vipande na kufungwa kwa henzirani, unaopanda hadi kwenye ufa ambamo mbayuwayu hujenga viota vyao kwa mate. Babu yake aliupanda mlingoti huo, baba yake akaupanda, sasa ni zamu yake. Mwenye mlingoti asipoweza kuupanda, anaupokea ndugu mwingine wa ukoo, na hakuna wa kulalamika. Msimu uliopita Sanggau alikwangua mwamba mtupu mara kadhaa akidhani ni kiota. Miguu ilikuwa bado ya kijana, mikono bado ya kijana, ila macho yalikuwa yameanza uzee peke yao.

Binamu yake Bajai aliliona hilo. Jioni moja, watu wamekaa kwenye baraza ya nyumba ndefu wakinywa pombe ya mchele, Bajai alimpiga begani akasema, "Binamu, mwaka huu niachie mlingoti. Wewe kaa chini unichemshie kahawa."

"Kahawa yangu ni chungu, utalia," Sanggau alijibu.

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Alipojilaza hakupata usingizi. Bila mlingoti ule hakujua yeye ni nani.

Basi asubuhi baada ya ndoto alivaa shati safi, akateremka hadi dukani kwa mzee Voon, pale kwenye gati la mto. Alikwenda na taa yake ya zamani, ya kufunga kichwani, mfukoni. Baba yake ndiye aliyempa taa hiyo siku alipopanda mara ya kwanza, mwezi uleule aliomwoa Senia. Balbu zilibadilishwa, betri zilibadilishwa, mkanda ukashonwa na kushonwa tena, ila kioo kilikuwa kilekile. Kilikuwa na rangi ya kahawia pande zote, kimeachwa kiduara kidogo tu katikati cha kupitisha mwanga. Sanggau siku zote aliona kwamba baba alimpa kitu chakavu. Hakuwahi kulisema, lakini lilikuwa limemkaa rohoni kama mwiba mdogo usioonekana. Ya baba mwenyewe hakupata kuitazama vizuri. Ilizikwa pamoja naye, kama ilivyo desturi.

"Baba Lemia!" Voon alimwita kwa jina la bintiye, kama walivyofanya wote. "Unataka ya kuwindia vyura au ya kupandia?"

"Nataka kali kuliko zote."

"Kali kuliko zote ninaye ndani, ananipikia. Huyo siuzi." Voon alicheka mpaka akakohoa, kisha akapanga taa tatu juu ya meza. "Hii ni nyepesi, haikuchoshi shingo. Mwanga wake mwembamba, unapiga pale unapotazama tu. Hii ya pili maji hayaingii. Hii ya tatu..." Akaisukuma pembeni. "Hii wananunua wazungu wa kuchora ramani za mapango. Inamwaga mwanga kila upande. Wewe ya nini?"

"Nitajaribia wapi? Hapa kuna jua."

Voon akamfungulia stoo ya mchele, akamfungia ndani. Sanggau akasimama gizani katikati ya magunia, harufu ya pumba na samaki wakavu ikimzunguka. Akawasha ya kwanza. Ikamwonyesha fundo la gunia. Akawasha ya pili, ikamwonyesha gunia zima. Akawasha ya tatu, na stoo yote ikaruka ikamjia usoni. Aliona wadudu wakitembea juu ya mchele. Aliona uzi wa buibui kwenye pembe ya mwisho, na vumbi likishuka polepole hewani, punje moja moja, kwa utulivu uliomfanya asahau alipo. Ulikuwa mwanga wa ndotoni, uleule. Machozi yalimlenga.

"Umelala humo?" Voon aligonga mlango.

"Nachukua hii."

"Ingekuwa mimi ningechukua ile nyembamba."

"Kwani wewe unapanda?"

"Mimi hata kitanda napanda kwa kushikiliwa," Voon alisema, akamfungia taa kwenye gazeti.

Msimu ulipofunguliwa, Sanggau alikwenda pangoni na shemeji yake Jelian, kaka wa Senia, ambaye ndiye aliyekuwa akimsimamia chini siku zote. Kazi ya mtu wa chini ni kutazama taa. Mlingotini hatuitani majina, maana pango haliambiwi majina ya watu. Taa ikicheza polepole huku na huku, mpandaji yu salama. Ikisimama kwa muda mrefu, kuna jambo. Hapo mtu wa chini hugonga mti kwa kifundo cha vidole, na mti wa belian hupeleka sauti hiyo mpaka kifuani mwa aliye juu. Nyumbani nako Senia aliketi bila kufagia, bila kuchana nywele, bila kumimina mafuta. Mke wa mpandaji hukaa hivyo mpaka arudi, ili mumewe asiteleze.

Sanggau alipowasha taa, Jelian alijifunika macho.

"Shemeji! Umeniletea jua?"

"Lizoee."

"Sitaweza kukutazama. Sioni taa inavyocheza, naona weupe tu."

"Basi tazama chini, utanisikia nikishuka," Sanggau alisema. Akakumbatia mlingoti, akaanza.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Alipanda akiona kila fundo la henzirani, akakumbuka lipi alilifunga mwenyewe na lipi alilifunga baba. Ukuta wa mwamba ulikuwa wa kijani hapa, mbele kidogo ukawa na rangi ya waridi, halafu wa dhahabu palipokuwa na maji yanayochuruzika. Matone yalianguka kando yake yaking'aa, yakaenda zake kimyakimya. Mbayuwayu walipita wakigonga ndimi zao, na safari hii aliwaona wenyewe, si upepo wa mabawa yao tu. Alipofika kwenye ufa aliinua uso, na dari likafunguka mbele yake, pana, lenye mawimbi, kama mchanga wa mtoni baada ya mafuriko. Hakujua kwamba alikuwa akifanya kazi chini ya uzuri kama ule. Alimshukuru baba yake kwa sauti.

Kisha akataka kuona alikotoka, akatazama chini.

Mlingoti ulikuwa mwembamba. Ulishuka, ukashuka, ukazidi kushuka, ukawa fimbo, ukawa unyasi, na mwisho wa unyasi palikuwa na kidoa, na kidoa hicho kilikuwa Jelian. Kushoto na kulia hapakuwa na kitu. Miaka yote alijua kwamba chini ni mbali, lakini kujua ni kitu kimoja, na hili lilikuwa lingine kabisa. Mikono ikaubana mti mpaka ikafa ganzi. Akataka kushuka, miguu ikakataa. Akataka kupiga kelele, akakumbuka kwamba pangoni hakuna jina la kuita. Akafumba macho, lakini lile shimo lilikuwa limeshaingia ndani ya macho yake, na likabaki humo likimsubiri.

Aliogopa. Nalisema waziwazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Aliogopa kufa, na zaidi ya kufa aliogopa kwamba Bajai atapanda kumchukua mgongoni kama mtoto.

Chini, Jelian alikuwa anachungulia kati ya vidole vyake. Weupe ulikuwa umesimama, haukucheza. Akasogea, akagonga mti. Ko. Ko. Ko.

Sanggau aliusikia mgoto huo kifuani. Ulikuwa wa polepole, na ulimrudisha pale kitandani, majogoo wakiwa chini ya sakafu, na baba akiwa amesimama na mkono wake. Kiganja kimetanda. Vidole vimebanana. Mtu anayekupa kitu hafungi vidole hivyo. Baba hakuwa anampa mwanga. Alikuwa anauziba.

Akaachia mkono mmoja, Mungu anajua aliupata wapi ujasiri, akauweka mbele ya taa. Pango likaondoka. Ikabaki damu nyekundu ndani ya vidole vyake mwenyewe, na fundo moja la henzirani mbele ya pua. Akavuta kitambaa alichojifunga kichwani mpaka kikaifunika taa, kikabakiza upenyo mdogo. Palepale dunia ikarudi kuwa ndogo, kiasi cha mikono miwili. Miguu ikatii tena. Alikaa akipumua mpaka taa ikaanza kucheza huku na huku, polepole, na kule chini Jelian akaketi chini akajifuta uso. Sanggau alivuna viota vyake vilivyohamwa na makinda, akashuka.

Nyumbani, Senia alipomwona tu mlangoni alinyanyuka akachukua kitana.

"Nilidhani leo nitazeeka na nywele hizi," alisema. "Mbona umekawia?"

Ndipo alipomsimulia yote, kuanzia ndotoni. Senia alisikiliza, kitana kimesimama nyweleni. Kisha akakiweka chini.

"Baba Lemia, nipe ile ya zamani."

Akakwangua kioo kwa ukucha. Kitu cha kahawia kikabanduka kama ganda la kitunguu.

"Sandarusi, utomvu wa mti," alisema. "Baba yako aliiyeyusha kwenye moto wangu, nikiwa bibi arusi wa juzi. Akaipaka kwenye kioo chako, akaacha kiduara. Nikamuuliza, mkwe, mbona unampofusha mume wangu? Akanionyesha ya kwake. Ilikuwa vilevile. Akasema usimwambie, akijua ataiosha."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii!"

"Na wewe ndoto ukanyamaza nayo ubavuni pangu! Ungesema, usingeganda kule juu."

Sanggau aliketi sakafuni. Ule mwiba mdogo ulikuwa umetoka, na mahali ulipokuwa palimuuma zaidi sasa. Alilia bila kujificha, naye Senia akamwacha alie.

Siku ambayo hakuna aliyekuwa akipanda, alimpeleka mkewe pangoni. Senia hakuwahi kufika pale chini ya mlingoti, maana alikuwa na kazi yake ya kuketi. Sanggau aliivaa taa mpya, akaiondolea kitambaa.

"Nataka uone dari," alisema. "Ni zuri mno, mke wangu. Sijui nikuelezeje."

Akainua kichwa. Mwanga ukapanda na mlingoti, fundo kwa fundo, kijani, waridi, dhahabu, mpaka kule juu kwenye ufa. Mbayuwayu waliogelea ndani yake wakiwa wadogo sana. Senia alitazama. Alitazama dari, kisha akateremka na macho yake taratibu kwenye mlingoti mzima, kutoka juu mpaka kwenye miguu ya mumewe. Hakusema ni zuri. Alimshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Huko ndiko unakokuwa?" aliuliza. "Ninapokungoja?"

"Huko."

Senia akauinua mkono wake mwingine, kiganja kimetanda na vidole vimebanana, akaufunika mwanga.

"Tukirudi nitaipaka sandarusi mwenyewe," alisema gizani. "Na taa yangu ya jikoni pia, ili ninapokungoja nami nisione mbali."