Shingo Iliyokaza Wiki ya Posa

Nilijifunza kuogelea kwenye lambo la ng'ombe huko Igunga, na lambo lile lilikuwa na sheria moja: kichwa hakizami. Ukizamisha kichwa, ng'ombe wako wanaingia kwenye mpunga wa mtu, na jioni unachapwa na wazee wawili, mwenye mpunga na baba yako. Kwa hiyo tuliogelea shingo juu kama bata, macho ukingoni. Nilidhani dunia nzima inaogelea hivyo.

Miaka ikapita, nikahamia Tabora mjini, tumbo likawa linafika mahali kabla yangu. Mwalimu wetu wa baiolojia kwenye masomo ya jioni alitufundisha kwamba kuogelea kunafaa mwili wote. Shingo hakuitaja. Nikaanza kwenda kwenye bwawa la hoteli moja, ambako hakuna ng'ombe wala mpunga, nikaogelea vilevile, nikilinda viti vya plastiki.

Wiki ya posa ya binti yangu nilitaka kupungua, wageni wanikute na umbo. Nikaongeza bidii, umbali nilioogelea ungenifikisha Kigoma. Alhamisi nikaamka shingo imekaza kuelekea kushoto, ngumu kama mpini wa jembe. Kulia haiendi. Chini haiendi. Mke wangu akinisemesha kutoka kulia, nilikuwa naujibu ukuta.

Posa ilikuwa Jumamosi. Wageni walikuwa wanatoka Sikonge, na kwetu baba wa binti akimpa mshenga kisogo, amekataa. Hahitaji kuongeza neno.

"Baba," binti yangu aliniuliza, "wale watu wakija utawaangalia na nini?"

"Na sikio."

Hakucheka. Alienda jikoni, nikasikia sufuria zikisuguliwa kuliko zilivyochafuka.

Mke wangu alitaka kuipaka shingo samli na kuivuta mpaka iitike. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole, alisema tusithubutu.

"Shikamoo mzee. Hebu nionyeshe unavyoogelea."

"Marahaba," nikasema, nikaogelea hewani nikiwa nimekaa kitandani kwake.

"Kwani mzee unachunga nini?"

Nikamsimulia habari za lambo na mpunga.

Alinieleza kwamba misuli ya shingo huchoka kichwa kikikaa kimeinuliwa muda wote. Uso uzame, macho yatazame chini, na ukitaka pumzi mwili uviringike pamoja na bega, siyo shingo peke yake. Kwa sasa niliache bwawa. Nikande kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, nishushe mabega na kuyazungusha polepole, nigeuze kichwa mpaka panapovuta, nisifike panapouma. Mikono ikifa ganzi, nirudi haraka.

Nilifuata yote. Mke wangu alinikanda mpaka nikakaribia kuiva. Jumamosi shingo ilikuwa imelegea, lakini robo tu, na robo haimtoshi mshenga. Tukahamisha makochi: wageni wote kushoto kwangu, kulia wakakaa wadogo zangu, ambao nilishawaona.

Mshenga alizungumza vizuri. Nilimkazia macho mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuyapeleka, naye akawa anajifuta jasho.

"Mzee ana neno?" aliuliza.

"Endelea tu, nakuona."

Ikafika zamu ya binti kuitwa, aulizwe kama anawafahamu wageni. Desturi ni asimame mlangoni ajibu. Mlango wa ndani uko kulia. Nikasikia kanga zake, na mimi nimemgeukia mshenga kama sijali kilichoingia.

Hakusimama mlangoni. Aliwapita baba zake wadogo, akaruka vikombe na magoti ya watu, akaja kupiga magoti kushoto kwangu, mbele ya macho yangu kabisa.

"Unawafahamu hawa?" nikamuuliza.

"Nawafahamu, baba."

Nilitaka kuitikia kwa kichwa, kama wazee wote wanavyofanya. Shingo ikagoma. Ikabidi niseme kwa mdomo, kwa sauti, Sikonge nzima ikisikia, kwamba nimekubali.