Dada Ndeshi na Lango la Gigabaiti Mbili

Bado kichwa kinakataa. Jana nimepigiwa simu kwamba Dada Ndeshi hatunaye tena, na leo asubuhi nikajikuta nataka kumtumia picha ya mgomba wangu uliodumaa ili anicheke.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyekuwa msimamizi wa kompyuta za Unix pale ofisini kwetu Moshi, enzi zile email tunaisoma kwa kupanga foleni. Mtu wa Old Moshi, buti za shamba ziko chini ya meza wakati wote.

Mimi nilikuwa mgeni kazini, nachora ramani ya mifongo, ile mifereji yetu ya kuteremsha maji mashambani. Ramani ikifika gigabaiti mbili, faili linakatika. Nikafuta kazi zangu za zamani ili kupata nafasi. Likakatika palepale!

Bosi akasema kazi imenishinda, nina mpaka Ijumaa niimalize au niondoke.

Dada Ndeshi akaniuliza, kwetu maji yakikatika tunafanya nini. Nikamjibu tunaufuata mfongo kutoka juu, lango kwa lango.

"Sasa unang'ang'ania shambani kwa nini?" akasema. "Twende juu."

Tukaanza kwenye server, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote. Akatengeneza faili tupu la gigabaiti tatu, likapita. Tukashuka kwenye network: programu ya kuunganisha kompyuta ilikuwa ya zamani mno, faili kubwa haiwezi. Akaweka mpya. Tukafika kwenye kompyuta yangu. Kwa akaunti yake likapita, kwa akaunti yangu likakwama.

Hapo akacheka mpaka akakaa chini. Kwenye akaunti yangu kulikuwa na limit, faili lisizidi gigabaiti mbili, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe, siku yangu ya kwanza, nisije nikajaza disk. Akasahau kabisa.

Angeweza kuiondoa kimyakimya. Lakini alikwenda kwa bosi, mimi nikiwa nyuma yake, akasema, "Lango nililifunga mimi. Huyu hana kosa."

Kesho yake akaja na sufuria la mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, kwa ofisi nzima, maana kwao anayefunga mfongo bila kuwaambia wenzake hutozwa faini. Bosi alirudia bakuli mara tatu. Jamani, nilifurahi siku ile!

Ramani za mifongo nimezichora mpaka nimestaafu.

Dada, kuna kitu sikukuambia. Wiki ile nilikuwa natembea na barua ya kuacha kazi mfukoni. Ndiyo niliyofutia mikono baada ya mtori wako.

Lala salama, dada yangu. Huku chini maji yanafika.