Aliitikia Salamu Ambayo Sikumpa

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi, kupitia grupu la simu la watu wa Mkunya tunaoishi mbali na nyumbani, na jambo la kwanza nililofanya ni kutoiamini. Wasomaji wa safu hii mnanijua: hata nikiambiwa mvua inanyesha, hutoka kwanza nikanyoosha mkono. Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Mwaka juzi grupu hilohilo lilimzika akiwa hai. Mtu mmoja aliandika kwamba mwalimu wetu mstaafu wa sayansikimu ametutoka, watu wakamimina pole, mwingine akaanza kuuliza mazishi ni lini na nani ataleta turubai. Katikati ya msiba huo mwenyewe, ambaye sote tulisahau kwamba yumo humo, akaandika: "Marahaba. Pole zenu nimezisoma zote, asanteni. Nani amewaambia?" Basi Jumanne hii nami nilikaa na simu mkononi, nikiisubiri marahaba hiyo kwa hamu, karibu nacheka. Adhuhuri ikapita. Binti yake akaandika kwamba wanazika kesho baada ya sala. Hapo niliamini.

Ile marahaba mnaijua. Ukimpita mkubwa bila kumwamkia, mkubwa mwenye hasira atakugombeza, lakini mkubwa mwenye akili ataitika tu, kwa upole, salamu ambayo hukuitoa, na wewe utatamani ardhi ipasuke. Yeye alikuwa bingwa wa silaha hiyo, na mimi alinipiga nayo mtandaoni, mbele ya darasa zima. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu. Mhadhiri wetu mmoja aliamua kwamba kila mwanafunzi afungue blogu, aandike kila wiki, na atoe maoni kwenye blogu za wenzake wawili, ili tufundishane. Tulichofundishana ni kuandika "kazi nzuri". Tuliandika "kazi nzuri" kwa walioandika vizuri, kwa walionakili, na mimi niliwahi kumwandikia "kazi nzuri, umegusa mambo muhimu" mwenzangu aliyekuwa amepandisha kichwa cha habari tu, maneno mengine akiwa bado hajayaandika. Alinishukuru.

Wiki moja nikaamua kuandika kuhusu muhogo mchungu, nionekane mtoto wa uwanda wa Makonde hasa. Nilieleza kwamba unaumenya, unaukatakata, unauanika juani siku moja, unautwanga, unasonga ugali. Nilikuwa nimeyatoa maelezo hayo kwenye blogu nyingine, ambayo nayo sijui ilitoa wapi. Mimi, niliyehoji ratiba ya kantini, niliyemhoji imamu na padri kwa wiki moja, sikuihoji ile siku moja. Wenzangu wakaja: kazi nzuri, kazi nzuri, kazi nzuri. Kisha, kutoka kwa mtu nisiyemtarajia, Mwalimu wetu wa Mkunya, maoni haya: "Marahaba. Hiyo ya siku moja nani amekuambia? Umewahi kuula huo ugali?" Nikamjibu kisomi, nikiwa nimevimba: "Ahsante kwa maoni yako. Naomba chanzo chako." Akajibu: "Chanzo changu ni pipa, liko uani. Njoo ulisome."

Ningeweza kucheka tu, ila posti ile ilikuwa imesambaa kwenye makundi ya simu huko Newala na Masasi, na ndiyo niliyokuwa nimeichagua kuwa posti yangu bora, isahihishwe kwa alama za mwisho. Zikabaki siku chache. Likizo fupi ilipofika nikaenda Mkunya. Nilimkuta uani, nikainama kabisa, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo nilishaitikia mtandaoni," akasema. "Shika kisu, umenye."

Nikamenya. Akakata kipande kidogo mno, akaniamuru nikiguse kwa ncha ya ulimi na kukitema. Nilitema, nikaendelea kutema. "Sasa huo, na sumu yake, ndio uliowapikia watu kwa siku moja," akasema. Akafunua pipa. Ndani mlikuwa na muhogo uliolowekwa tangu siku nne nyuma, laini, wenye harufu ya kumkimbiza mhadhiri yeyote. Kwetu kule juu uwandani maji si ya kuchezea. Yale aliyolowekea yalitoka kwenye kisima chake cha kuvuna mvua, na alikuwa ameyatoa kwa ajili ya chakula ambacho mimi nilikimaliza kwa sentensi moja. Baada ya kulowekwa, akanieleza, ndipo unaanikwa, tena mpaka ukauke ukivunjwa ulie, siyo mpaka mwandishi achoke.

"Basi, Mwalimu, ile posti naifuta leo leo."

"Unafuta nini?"

"Kosa."

"Na mtu aliyeshalisoma, utamfuta na yeye?"

Binti yake, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, akacheka mpaka ungo ukayumba. Mwalimu akaniambia kwamba miaka yote aliyofundisha alipiga marufuku kifutio darasani. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja, lisomeke, na lililo sahihi linaandikwa juu yake. "Watu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nawaambia mnasahau la kulificha."

"Lakini wiki ijayo inasahihishwa. Mhadhiri ataliona."

"Si ndiyo kazi yake, kuona? We mjukuu wangu, unahoji kila kitu isipokuwa mkono wako."

Nilikaa juu ya mfuniko wa kisima, mahali pekee palipokuwa na mtandao, na nakiri kwamba kidole changu kilizunguka kwenye neno "futa" mara kadhaa. Mwishowe nikapiga mstari katikati ya sentensi zangu nzuri, zikabaki zinasomeka kwa aibu, na juu yake nikaandika habari ya pipa. Mhadhiri alinikata alama, kwa haki. Lakini siku mbili baadaye mama mmoja wa Masasi aliandika chini yake: alikuwa ameisoma ile ya kwanza kwenye simu ya jirani, ameshaanika, na alikuja kutafuta hatua inayofuata, ameuona mstari, ameurudisha muhogo kwenye maji. Kama ningefuta, angekuta ukurasa mtupu, angeenda kutwanga. Niliyasoma maoni yale nikirukaruka chumbani kama mtoto aliyeng'oka jino. Ukiyatoa yale ya Mwalimu, yalikuwa maoni ya kwanza niliyowahi kupata ambayo hayakusema kazi nzuri.

Tangu hapo nimeacha kuamini wanaosema mtandao unatufundisha, na pia wanaosema unatupumbaza. Blogu ni daftari tu. Darasa letu lilikuwa na madaftari mengi yaliyo wazi kwa dunia nzima na hakuna aliyekuwa anasoma. Tulikuwa tunapigiana makofi tukiwa tumefumba macho. Kujifunza kulianza pale mtu mmoja mwenye pipa alipokataa kupiga makofi. Muhula uliofuata wenzangu nao wakaanza kukata mistari, blogu zetu zikawa na michubuko kama magoti ya watoto, na kwa mara ya kwanza tukawa tunazisoma.

Mazishini sikuwahi kufika. Jioni ya Jumatano nilirudi kwenye posti ile ya muhogo, nikashuka mpaka kwenye maoni yake ya kwanza, na chini yake nikaandika nilichopaswa kuandika tangu mwanzo: "Shikamoo, Mwalimu." Halafu nikaona nilivyoharibu. Atakayefungua ukurasa ule ataikuta marahaba juu na shikamoo chini, itikio limeitangulia salamu kwa miaka mitatu. Kuna namna ya kuyapanga upya yakae sawa. Niliitafuta, nikaipata, nikaiacha. Lisomeke.