Bei ya Kwenye Karatasi

Pikapu yangu ilipogongwa kwenye mlima wa Kilimatinde, mimi sikuwa na kosa. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika habari hii nzima ndiyo sehemu pekee ambayo sikuwa na kosa.

Lori la kampuni moja lilikuwa linapanda mbele yangu likiwa limejaa mbao. Likashindwa, likaanza kurudi kinyumenyume. Nilipiga honi, nikaingiza gia ya nyuma, lakini sikufika mbali. Mimi nilitoka na mkono uliovimba. Pikapu ilitoka na pua iliyobonyea na chasisi iliyopinda. Dereva wa lori alikiri pale pale mbele ya trafiki, na bima ya lori ililipa matengenezo bila ubishi. Fundi wa mjini Singida aliinyoosha, akaichomelea, akaipaka rangi.

"Mzee, inatembea," akaniambia, "ila inatembea ubavu kama mbwa."

Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa na mnunuzi anayesubiri, mfanyabiashara wa asali wa Mitundu, ambaye tulikwisha kubaliana bei kwa mdomo kabla ya ajali. Alikuja, akaizunguka, akainama chini ya bodi, kisha akasimama akijifuta mikono.

"Kaka, pole sana. Lakini gari lililochomelewa chasisi mimi silichukui. Nikitaka kuliuza kesho, na mimi nitainamiwa hivi hivi."

Pikapu ile niliinunua kwa kuuza ng'ombe wa mke wangu. Walikuwa wanne, aliachiwa na baba yake, na mama yake ndiye aliyewatunza zizini kwake kijijini Unyambwa. Zilikuwa enzi za ruksa. Walimu waliacha chaki wakafungua maduka, na mimi niliacha kazi ya ghala la ushirika, nikiamini kwamba mtu akiwa na magurudumu manne hawezi kulala njaa. Nilimwambia mke wangu: nipe miaka mitatu nibebe alizeti na vitunguu, kisha nitaliuza gari na ng'ombe wako watarudi, wote wanne. Alikubali. Sasa miaka mitatu ilikuwa imekwisha.

Trafiki mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Alisema bima ya lori hailipi fundi tu. Gari likitengenezwa likabaki limeshuka thamani, nina haki ya kudai na thamani hiyo iliyopotea. Nikaandika barua ya madai. Ofisi ya bima ikanijibu nipeleke mkataba wa kununulia.

Afisa aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akausoma mkataba mara mbili. Kisha akaweka kando yake ripoti ya mthamini.

"Baba, gari hili ulinunua kwa bei hii iliyoandikwa hapa?"

"Ndiyo."

"Na hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Sasa baba, mthamini wetu anasema leo, hivyo hivyo lilivyogongwa, linauzika kwa bei kubwa kuliko uliyonunulia. Kwa karatasi hizi, ajali haijakupotezea kitu." Alitabasamu kidogo kwa aibu. "Imekuongezea."

Nilijua alichokiona. Siku ya kununua, yule mwuzaji, mwenye duka mjini, aliniambia, "Andika theluthi ya bei, bwana. Kwa nini uilishe serikali? Hapa hakuna anayeandika bei yenyewe." Kweli, hakuna aliyekuwa anaandika. Bei ilikuwa mbili: ya mkononi na ya kwenye karatasi, na ushuru ulikatwa kwenye ile ya karatasi. Mkataba ulichapwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa karani wa mahakama. Alizihesabu noti zote za bei yenyewe pamoja nasi mezani, kisha akachapa theluthi, akatia sahihi kama shahidi, akagonga mhuri. Tulikunywa chai. Niliona nimekuwa mjanja.

"Binti yangu," nikamwambia afisa, "bei yenyewe haikuwa hiyo."

Alifunga faili taratibu. "Baba, ukitaka tubadilishe, lete hati ya kiapo, wewe pamoja na mwuzaji au shahidi, mseme bei ya kweli na kwa nini hapa imeandikwa nyingine. Lakini mimi kama mtoto wako nakushauri ufikiri kwanza. Hati hiyo haitaishia hapa kwangu."

Mwuzaji alikwisha hamia Arusha, na hata angekuwepo angenikana. Akabaki shemeji. Nilimfuata kwake jioni hiyo, nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Shemeji, kaa kwanza," alisema. Nikakaa. "Unataka niape kwamba nilichapa uongo, mahakamani, kwa mhuri wa mahakama?"

"Nataka useme bei tu."

"Bei tu! Wewe utalipa faini urudi kwenye vitunguu vyako. Mimi nitarudi wapi? Nina watoto sita shemeji, na kazi ni hii moja."

"Ng'ombe ni wa dada yako."

"Najua ni wa dada yangu. Nimewachunga mimi, si wewe." Akainuka. "Nenda kamwulize yeye. Akisema niape, nitaapa."

Sikwenda kumwuliza. Kwa siku tatu nilizunguka mjini nikijifanya natafuta mizigo. Nilihesabu njia zote: nikiapa peke yangu, shahidi ataitwa tu; nikinyamaza, ng'ombe hawarudi; nikiiuza pikapu ilivyo, napata ng'ombe mtamba mmoja, pengine na nusu ya mwingine. Kila njia niliyoishika ilinirudisha kwenye sahihi yangu. Siku ya tatu nilipoingia ndani nilimkuta mke wangu amekaa na ungo wa uwele mapajani, na nikaona kwamba kaka yake alikwisha kufika.

"Baba watoto, kwa nini nisikie kwa mwingine?"

"Nilitaka nikuletee pamoja na jibu."

"Haya, jibu liko wapi?"

Nikamwambia anachagua yeye: ng'ombe wake, au kazi ya kaka yake. Nilidhani ninampa heshima. Aliacha kupeta.

"Siku mnaandika hiyo karatasi uliniuliza?"

"Hapana."

"Basi na leo usiniulize."

Kesho yake nilirudi kwa yule binti. Aliniwekea hati ya kumaliza madai, inayosema nimeridhika na matengenezo na sina dai lingine lolote. Aliniuliza kama nimeisoma. Niliisoma yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasoma karatasi yote kabla ya kusaini, kisha nikasaini.

Mke wangu alisema jambo moja tu: kwa mama yake sitapeleka mjumbe. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo nilisimama uani Unyambwa, nimegeukia njia, yeye akiwa ndani na mke wangu mlangoni katikati yetu. Nilisema yote, hata ile theluthi. Mke wangu hakuwa na haja ya kurudia maneno yangu, kwa kuwa yalisikika vizuri, lakini aliyarudia moja moja kwa Kinyaturu, kama inavyotakiwa, na kila neno nililisikia mara mbili.

Kisha yule mama akasema, na mke wangu akanifikishia:

"Anasema amesikia. Anasema zizi hatalibomoa."

Hakunitukana, hakudai tarehe. Laiti angedai. Pikapu niliiuza kwa bei ya pikapu inayotembea ubavu, nikapeleka mtamba mmoja. Akafa kwa ndigana, homa ya kupe, kabla hajazaa. Baada ya hapo palikuwa na ada za shule, palikuwa na ukame, na mimi sikukosa sababu. Yule mama aliishi miaka kumi na moja mingine. Kila kiangazi alikata miiba mwenyewe, akaliziba upya lile zizi la kando ya njia, lisilo na ng'ombe, na kila nilipokwenda kumsalimu, nikiwa nimegeukia njia, ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu.