Nilivyomtishia Mjukuu kwa Stendi ya Makambako

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nami nikaachia shule darasa la pili. Nikaenda kubandua magome ya miti ya miwati kwa ujira. Mpaka leo nasoma kwa kupapasa, na sioni haya kusema, maana nyumba hii ya Njombe niliijenga mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kike, ninayemlea, alipofika darasa la nne akaanza kuchoka na vitabu. Hofu ikaniingia. Namna ya kumfanya apende shule sikuijua. Nilijua kutisha tu. Huku kwetu wasichana walioshindwa shule hupelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Kila jioni nilimwambia, "Usiposoma, utapandia basi stendi ya Makambako ukaoshe vyombo vya watu." Alitetemeka, nikadhani dawa inaingia.

Siku moja mchana nilitoka shambani nikakuta sare yake imekunjwa kitandani, na juu yake karatasi ya jaribio la hesabu: sita kati ya hamsini. Nguo zake nyingine hazipo.

Nilidandia fuso la viazi la jirani lililokuwa likienda Makambako. Ukungu ulikuwa mzito, dereva anakwenda polepole.

"Mzee, tulia. Mtoto haibiwi kama kuku."

"Kanyaga mafuta, acha maneno."

Kila basi la Dar lililotupita nililikodolea macho madirishani. Niliwaza wale watu wanaozunguka stendi wakitafuta wasichana wa kazi. Nani angewauliza wanampeleka wapi?

Pale stendi nilimkuta amekalia kifurushi chake, karibu na mama muuza mahindi ya kuchemsha. Mama yule akaniwahi kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mzee. Huyu kaniuliza mara tatu kama nahitaji msichana wa kazi. Kwenu hakuna mtu mzima?"

Nikamgeukia mtoto. "Nani kakutuma huku?"

"Wewe, babu. Ulisema wasiofaulu wanakuja huku. Mimi nimepata sita."

Alisema kwa utulivu, na utulivu ule uliniogopesha kuliko safari yote. Nikamwambia jambo ambalo hata marehemu bibi yake sikumwambia: dawa ya viazi naichanganya kwa kukisia, vipimo vya kwenye pakiti sivielewi. Naogopa siku moja nitaunguza shamba zima.

"Kweli hujui, babu? Hata mililita?"

"Sijui. Nifundishe."

Akacheka kidogo, akabeba kifurushi.

Sasa yeye ndiye anayepima dawa, anagawanya kwa mabomba ya kunyunyizia, mimi namuuliza kwa nini. Juzi kwenye hesabu kapata ishirini na tatu. Kutisha nimeacha, lakini akichelewa kurudi kutoka shule bado nasimama barabarani.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, ekari tano za viazi, ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la paini. Mjukuu simhesabu kwenye mali hizi. Yule anaweza kuondoka.